Ganda hubaki kwa aliyepiga: barua ya wazi kwa Waziri wa Utalii na Mambo ya Kale, Zanzibar

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum.

Nyuma ya mlango wetu hapa Malindi kuna ganda la mzinga. Ni la shaba ya njano, zito, kinywa chake karibu inchi nne, na kazi yake tangu nilipopata akili ni kuzuia mlango usijipige upepo wa kusi ukivuma. Bibi yangu alikuwa na kazi nyengine nalo. Ramadhani ikiingia alilitoa barazani, akaligeuza kifudifudi na kuligonga kwa mchi wa kinu cha hiliki. Likalia kama upatu, nasi watoto tuliotawanyika mitaani tukajua magharibi imekaribia, turudi tukanawe. Usiku wa kuamkia Idi alilisugua kwa ukwaju na majivu mpaka ukaweza kujitazama humo ukavaa kofia.

Tuliambiwa kuwa ni ganda la Königsberg, meli ya Wajerumani iliyoizamisha meli ya Waingereza bandarini hapa. Bibi alilitamka jina hilo kwa namna yake, "Kinisibagi", na hakuna aliyethubutu kumsahihisha. Babu, aliyekuwa hamali bandarini, ndiye aliyelileta nyumbani. Kwa miaka mingi na mimi nimewaeleza wageni hivyo hivyo, kwa kifua mbele.

Mwaka jana nilikuwa naligeuza nifagie chini yake, jua la asubuhi likapiga kitakoni. Nikaona alama ambayo macho yangu yalikuwa yameipita maisha yangu yote: mshale mfupi mpana, wenye mistari mitatu kama unyayo wa kuku. Huo ni muhuri wa mali ya serikali ya Uingereza. Wajerumani hawakuwa na sababu ya kuupiga kwenye shaba yao.

Nililiweka chini nikakaa juu ya ngazi. Si jambo jepesi kumkosoa bibi aliyekwishatangulia mbele ya haki.

Lakini Mheshimiwa, nilipozidi kulifikiri nikaona kosa letu lilikuwa kubwa kuliko huo mshale, maana hata bila mshale tungepaswa kujua. Ganda la mzinga ni kikombe cha baruti. Fataki iliyo katikati ya kitako ikigongwa, baruti huwaka, shaba hutanuka na kuziba nyuma ya mzinga ili moto usimrudie mpigaji, na kombora hutoka mbele. Ganda halitoki. Mlango wa nyuma ukifunguliwa, linadondoka miguuni kwa aliyepiga, bado la moto. Anayepigwa haoni ganda hata siku moja. Anachookota yeye ni vipande vya chuma vilivyochanika, vyenye makali, ambavyo hakuna bibi wa kuvisugua kwa ukwaju.

Sasa tuirudie asubuhi ya tarehe 20 Septemba 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuwa vimeanza. HMS Pegasus, ndiyo ile meli ya Waingereza, ilikuwa imetia nanga mbele ya mji, mashine na tanuri zake zikitengenezwa, haiwezi kukimbia. Alfajiri Königsberg, chini ya nahodha Max Looff, ikatokea na kuanza kupiga kwa mizinga yake ya milimita 105, kutoka umbali ambao mizinga ya inchi nne ya Pegasus haikuweza kuufika. Mabaharia 38 wa Kiingereza walikufa, na baadhi yao wamelala Chapwani, kisiwa ambacho wengi wetu tunakiita Kisiwa cha Makaburi. Maganda ya Königsberg yalidondoka juu ya sitaha ya Königsberg, na yakaondoka nayo kwenda kujificha Rufiji, ambako meli hiyo nayo ilimalizwa Julai 1915. Kilichobaki kwetu Unguja ni maganda ya Pegasus, yaani ya yule aliyezama akijaribu kujibu. Mizinga yake iliopolewa kutoka majini na kutumika tena vitani, na palipoopolewa mizinga, hamali mwenye mkono mrefu hakosi cha kubeba.

Siapi kuwa la kwetu ni la Pegasus. Mizinga ya inchi nne ilikuwemo katika meli nyingi za Kiingereza, na herufi za kitakoni, ambazo zingetuambia kiwanda na mwaka, zimekwenda na ukwaju wa bibi. Umebaki mshale na nusu ya tarakimu.

Kwa nini nakuandikia wewe badala ya kumaliza kwa wajukuu zangu? Kwa sababu wiki chache baadaye nilipita kwenye duka moja la zawadi mjini, nikaona maganda matatu yamepangwa dirishani, yamechorwa jahazi na mnazi, na kijikaratasi chenye bei ya dola kinachosema kuwa ni maganda ya Königsberg yaliyopigwa Zanzibar. Nikamwambia kijana muuzaji kwa upole kuwa jambo hilo haliwezekani. Akacheka. "Mzee, mgeni akisikia vita, mkono unaingia mfukoni wenyewe." Nikaomba kuona kitako cha moja. Kilikuwa kimepigwa msasa kikawa cheupe pee, kikaandikwa upya kwa nukta: ZANZIBAR.

Sina ugomvi na fundi aliyechora lile jahazi. Mkono wake ni mzuri. Kule Ufaransa na Ubelgiji, katika vita vile vile, askari waliochoka na mahandaki walichora maua na majina ya miji kwenye maganda, wakayafanya vyombo vya maua vya kuwapelekea mama zao. Serikali zao hazikupenda, kwani shaba ile ilitakiwa irudi kiwandani ikajazwe tena. Kwa hiyo kila chombo cha maua kile ni kiwizi kidogo, na pengine babu yangu naye yumo katika daftari hilo. Kuchora si tatizo. Tatizo ni ule msasa wa kitakoni. Kitako ndicho cheti cha kuzaliwa cha ganda. Ukishakifuta, limebaki bomba la shaba, ambalo ni mchanganyiko wa shaba nyekundu kiasi sehemu saba na zinki sehemu tatu, na thamani yake ni ya mizani.

Na kwenye mizani ndiko yanakoishia. Jirani yetu alikuwa na mawili, marefu kuliko la kwetu, yalisimama pande mbili za kitanda cha samadari tangu siku ya harusi yake. Alipofariki, mjukuu akayauza kwa muokota vyuma chakavu aliyepita na toroli, pamoja na pasi ya mkaa na dele la kahawa lililotoboka. Yule kijana simlaumu. Hakuna aliyemwambia yale ni nini, na kilo ni kilo.

Hapo nikajaribu njia za kiofisi. Nilikwenda pahala, sitapataja, nikaomba mtu mmoja tu aje alipige picha ganda letu na kuandika tunalolijua. Nikaambiwa nilete barua ya sheha inayothibitisha kuwa ganda ni mali yangu. Nikaenda kwa sheha. Akaniuliza kwa dhati kabisa, "Ganda la nini, mzee? La ndizi?" Tukacheka wote wawili, barua akaandika, na barua ile ninayo mpaka leo kwa kuwa nilipoirudisha yule bwana alikuwa ameshahamishwa.

Mheshimiwa, kuna vita vyengine ambavyo kwavyo jambo hili lina uzito zaidi kwetu kuliko ugomvi wa Wazungu wawili bandarini. Tarehe 27 Agosti 1896, saa tatu na dakika mbili asubuhi, meli za Kiingereza za Admirali Rawson zilianza kulipiga kasri la Sayyid Khalid bin Barghash, aliyekuwa amekalia kiti siku mbili tu tangu kufariki Sayyid Hamad bin Thuwaini. Tunawafundisha watoto skuli kuwa ndivyo vita vifupi kuliko vyote duniani, kiasi cha dakika 38 hadi 45, na wageni hulipenda hilo, hulipigia picha. Kiasi cha watu 500 wa upande wa Khalid waliuawa na kujeruhiwa. Upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja. Beit al-Hukm na jumba la harimu viliharibika vibaya, mnara uliosimama mbele ya Beit al-Ajaib ukavunjwa, na Glasgow, meli ya Sultani, ikazama milingoti ikiwa juu ya maji.

Tujiulize: maganda ya siku ile yako wapi? Yalidondoka kwenye sitaha za St George, Thrush, Racoon na wenzao. Lililookotwa na baharia likawa ukumbusho, likapambwa juu ya meko ya nyumba fulani ya Kiingereza. Sisi tulibakiwa na vipande, tukavifagia pamoja na kifusi, kwa sababu nani anaweka kipande cha chuma kilichomuua ndugu yake? Ndiyo maana makumbusho yoyote yanayotegemea vitu vinavyong'aa hujikuta yanasimulia habari ya aliyepiga. Shaba inadumu na inapendeza. Chuma kilichochanika kinakula kutu.

Upande wa Khalid nao ulikuwa na silaha zake, na humu mna kitu kinachonivutia sana: mizinga miwili ya ratili 12, yaani ya kombora lenye uzito huo, ambayo Kaizari Wilhelm II alimtunukia Sultani. Mmoja ulipinduliwa na Thrush mapema sana asubuhi ile. Ikiwa kuna ganda moja la mizinga hiyo lililosalia katika uvungu wowote wa Shangani au Kiponda, basi hilo ndilo ganda la kwetu hasa, lililodondoka miguuni kwa mtu wa Unguja akijibu. Huenda liko. Huenda linazuia mlango.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Chagua siku, au wiki, tangaza misikitini, redioni na kwa masheha, kwamba mwenye ganda la mzinga, kipande cha kombora, au chombo chochote cha vita alichorithi, alete kikaandikwe. Kiandikwe, kisichukuliwe. Ukilisahau neno hilo hatokuja mtu. Watu wetu wana kumbukumbu ya vitu vilivyoingia serikalini vikasahau njia ya kurudi, na ukitaja tu "ukaguzi wa mali za kale" maganda yote yatakuwa yameshatiwa ndani ya magunia ya mchele. Kijana mmoja mwenye kamera, mmoja mwenye daftari, mkanda wa kupimia na mizani midogo, wanatosha. Kitako kipigwe picha kwa mwanga wa upande, herufi zitaonekana hata zilizofifia. Kisha mwenye kitu aulizwe kimefikaje kwake, na jibu liandikwe kama alivyolisema, hata likiwa la Kinisibagi. Uongo wa bibi yangu nao ni sehemu ya habari ya ganda hilo. Ila uandikwe kuwa ni maneno ya bibi.

Na Pemba wasiambiwe wapande boti. Kazi hiyo ifanyike na Chake Chake, pale pale ngomeni.

Kuna la hatari ambalo lazima litangulie tangazo. Si kila kilicho uvunguni kimekwishalia. Ganda lenye kombora bado kinywani, au lenye fataki isiyo na alama ya kugongwa, lisiguswe, lisibebwe kwenye daladala, lisikatwe wala kutiwa motoni. Aliye nalo atoe taarifa polisi, na waje wanaojua, wao ndio wamfuate. Miaka mia na zaidi si dhamana ya kuwa baruti imelala. Huwa namkumbuka bibi na mchi wake nasisimka, ingawa fataki ya ganda letu ina kishimo katikati, imeshagongwa zamani.

Yatakayokubaliwa na wenyewe kuonyeshwa yawekwe Beit el Amani, Mnazi Mmoja. Jumba lile lilifunguliwa 1925 kwa kumbukumbu ya amani baada ya vita vile vilivyoizamisha Pegasus, na sidhani kuna kuta zenye haki zaidi. Nilipokwenda Mombasa kwa ami yangu niliuona mzinga wa Pegasus na wa Königsberg nje ya Ngome ya Yesu, maadui wawili pamoja juani, watoto wamewapanda kama punda. Nilisimama pale muda mrefu. Sisi tuna barabara nzima ya pwani inayoitwa Mizingani na mtoto anayesoma jirani yake hajui jina hilo limetoka wapi.

Katika kabati, tafadhali, ganda lisikae peke yake. Liwekwe pamoja na kipande cha kombora, hata kama ni kibaya na kimeoza, na maandishi yaseme kwa Kiswahili chepesi lipi lilikuwa la nani: hili lilibaki kwa mpigaji, hiki kilimfika mpigwaji. Na Wizara iwaandikie wenzetu wa makumbusho za Uingereza walio na vitu vya 1896. Kuvirudisha ni mazungumzo marefu, sitaki yatuzuie. Kwa kuanzia watupe picha za vitako na majina ya meli.

Kuhusu maduka ya zawadi, sitaki polisi waingie madukani. Waambiwe tu wasipige msasa kitako kabla hakijapigwa picha. Baada ya hapo wachore majahazi wanavyotaka.

Ganda letu nimeacha kulisugua. Limeanza kufifia, lina rangi ya asali iliyokaa, mke wangu halipendi. Ukiwatuma vijana waje baada ya Alasiri, kwani asubuhi huwa Darajani. Barua ya sheha ipo tayari.

Wako katika heshima,

Mkaazi wa Malindi, Mji Mkongwe, Unguja