Kuhusu Mama Zuhura na ile katiba yenu

Nkuhungu, Dodoma
9 Novemba

Mama Furaha mpendwa,

Mbukwa! Bwana asifiwe. Watoto hawajambo? Mzee na mgongo wake? Huku tu wazima, ila joto la Novemba halina huruma, mawingu yanapita tu yakielekea kwa wengine. Najua nimekaa kimya mno, utanigombeza tukionana. Barua hii anakuletea kijana wa Mama Eliya, nimemkataza kabisa asiiweke mfuko mmoja na dagaa.

Rasimu ya katiba ya chama chenu cha kufa na kuzikana nimeisoma yote. Kiingilio sawa, ada sawa, sanduku la kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti, hapo mmefanya vizuri sana. Orodha ya wategemezi iandikwe kwa majina siku mtu anapojiunga, maana siku ya msiba baba wadogo huzaliana. Lakini Mama Furaha, kurasa zote zinaishia makaburini! Turubai, viti, sanda au jeneza, mchele, maharage, kuni, maji, halafu vyombo vinaoshwa, basi. Mama Zuhura, mjane wetu, mmemwacha wapi?

Hebu tupige hesabu. Mumewe amefariki mwishoni mwa Oktoba. Eda, ule muda wa mjane wa Kiislamu kukaa ndani, ni miezi minne na siku kumi, tena kwa mwezi mwandamo, kwa hiyo atamaliza mwanzoni mwa Machi. Sasa ipange hiyo na kalenda ya shamba lake la mtama huko Mvumi. Mvua zikikaa sawa, kupanda ni Desemba. Palizi ya kwanza wiki mbili au tatu baada ya mtama kuota, pamoja na kupunguzia, ibaki miche miwili kwa shimo. Mkichelewa hapo, masuke yanatoka kama vidole. Palizi ya pili Januari. Yote hayo yeye yuko ndani. Wako masheikh wanaoruhusu mjane atoke mchana kwa dharura, lakini hilo ni la kumuuliza sheikh wenu, si la kujadiliwa kwenye kikao chetu sisi wa kwaya.

Ndiyo maana naomba muongeze kifungu cha kazi baada ya matanga. Msiandike "tutamfariji mfiwa", hilo halina siku wala mtu. Andikeni shamba. Ekari zake mbili zinataka mbegu kilo saba au nane hivi. Mkipata mbegu ya mtama ya Macia, inawahi kukomaa, miezi mitatu na nusu hadi minne. Watu kumi na watano wenye majembe yao wanamaliza palizi ya ekari moja asubuhi, wakianza saa kumi na mbili, jua halijachoma. Asipikiwe mtu chakula pale kwake. Kila mmoja aje na kiporo chake, la sivyo mtamlimia ekari huku mnamla gunia.

Na ndege! Watu husahau ndege. Mtama mweupe kama Macia hauna uchungu, ndege wanaujua kuliko sisi. Suke likianza maji ya maziwa hadi kuvuna ni wiki tatu au nne za kuamia, yaani kufukuza ndege, tangu alfajiri mpaka jua kuzama, na hapo ndipo eda yenyewe inakaribia kwisha, kila mtu yuko kwenye shamba lake na Zuhura yuko shule. Msipopanga zamu mapema, palizi yote mtakuwa mmewafanyia kwelea kwelea.

Halafu karatasi, na hili ndilo la haraka. Kifo kinatakiwa kisajiliwe ndani ya siku 30, na za kwake zinaisha mwezi huu huu. Kwa kuwa alifia nyumbani, waanze kwa mtendaji wa kijiji, ndipo waende kwa msajili wilayani Chamwino. Kinachokwamisha watu ni jina. Kwenye kitambulisho cha NIDA mtu ni Jumaa, kwenye cheti cha ndoa ni Juma, kazini walimwandika Jumanne. Utaandika viapo mpaka kalamu iishe. Linganisheni herufi kwa herufi kabla ya kusajili. Cheti hicho ndicho kitakachodaiwa benki, NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) na Mahakama ya Mwanzo kwenye mirathi, pamoja na muhtasari wa kikao cha ukoo. Mama Zuhura awepo kwenye kikao hicho au awe na mtu wake wa kumsemea. Yule shemeji wa Manyoni... basi, niishie hapo, karatasi husafiri.

Rambirambi nazo zisomwe hadharani kutoka daftarini, akabidhiwe mjane mwenyewe, asaini mwenyewe. Hilo liwe kifungu, msitegemee busara ya mtu.

Kwenye dua ya arobaini mwacheni apime uwezo wake. Uji na maandazi vinatosha, dua haipimwi kwa mbuzi. Kama mbuzi atachinjwa, achinje Mwislamu, na sisi tuchote maji. Wala asitokee mwinjilisti wa kumhubiria mtu aliye kwenye eda. Mkienda kumsalimia, nendeni wawili wawili, mkae, muondoke. Mtu akitaka kuomba aombe, na amina ataitika anayeitika.

Sasa kifungu cha 9, faini ya asiyehudhuria vikao vitatu. Nimecheka, kisha nikakasirika. Kwa maandishi hayo, mjane aliye eda atatozwa faini na chama kilichomzika mumewe! Kifuteni, au muwatoe wafiwa.

Lakini msimwache akae tu akipokea, maana huko nako ni kumzika. Mwandiko wake sote tunaujua, na hesabu zake hazina mchezo. Mpeni daftari la michango. Mweka hazina ampelekee mapokezi kila Jumapili jioni, yeye aingize, ajumlishe, aseme nani anadaiwa. Hiyo kazi haimtoi nje, na watu watafika kwake kwa shughuli ya kweli, si kwa pole peke yake. Pole zikizidi mtu anachoka, anaanza kujifungia akisikia hodi. Akishakuwa mwandishi wa chama, anayebisha hodi amekuja na shida yake mwenyewe. Mbegu pia aletewe achambue. Mikono iwe na kazi.

Ila mumwombe, msimteue akiwa hayupo. Akikataa, mrudi tena Januari.

Niambie basi: cheti kimeanza kushughulikiwa au wanangoja wa Manyoni? Mtendaji yupo, au bado yuko likizo? Zuhura amerudi darasani? Na ada ya chama ya Mama Zuhura mwezi huu nani kalipa, au mmemwandikia deni? Nani ana jembe la ng'ombe la kuazima kabla ya mvua ya kwanza? Wewe mwenyewe unalala? Nimesikia umebeba msiba ule mabegani karibu peke yako, na hilo nalo lina mwisho wake.

Rasimu nimeirudisha humu humu, imejaa wino mwekundu. Usimwonyeshe mwenyekiti kabla hajala.

Wako,
Mama Neema