Mshale wa mwendo upimwe pia

Mheshimiwa Mhariri,

Madereva wengi wa barabara ya Lubumbashi kwenda Likasi huamini spidomita kana kwamba haiwezi kukosea, ilhali watengenezaji wenyewe huiweka isome juu kidogo. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa Ulaya, hairuhusu kamwe ionyeshe mwendo ulio chini ya ule halisi, lakini inakubali izidishe kwa asilimia 10 na kilomita 4 kwa saa juu yake, hata gari linalokwenda 100 laweza kuonyesha 114. Kosa la upande huo halinisumbui.

Linalonitia hofu ni matairi. Spidomita huhesabu mizunguko ya gurudumu wala si umbali wenyewe. Kwa hiyo mtu akifunga matairi makubwa kuliko yale ya kiwandani, ili kushinda mashimo na matope ya mvua, kila mzunguko hulisogeza gari mbali zaidi, na mzingo ukizidi kwa asilimia 10, mshale uliokuwa sahihi utasoma 80 wakati gari linakwenda 88. Abiria wa basi hawana habari.

Kupima si kazi ngumu. Dereva akishikilia 60 bila kubadili, kilomita moja ichukue sekunde 60 kamili. Zikiwa 54, mwendo halisi unakaribia 67. Ninawasihi wakaguzi wa magari, wanapoangalia breki na taa, wakague na jambo hili, wakianza na mabasi.

Msomaji wenu,
Lubumbashi