Risala ya Kikundi cha Mafundi Vyuma, Mikindani, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mhandisi na mtafiti wetu, Mwenyekiti wa mtaa, wazee wetu, mafundi wenzetu, mabibi na mabwana. Itifaki imezingatiwa.

Kwa furaha isiyo kifani tunakukaribisha Mikindani. Tunajua una shughuli nyingi, na wapo tuliowaalika wakatuma wawakilishi. Wewe umekuja mwenyewe, na hilo limeshaingia kwenye muhtasari.

Mheshimiwa mgeni rasmi, kikundi chetu kilianzia chini ya mwembe, na mashine moja ya kuchomelea, tena ya kukodi. Leo tuna banda, akaunti ya benki na mhuri. Tunafufua mashine za kubangulia korosho kutoka Newala na Tandahimba, na soko la kimataifa tumeshaliingia, baada ya kuunga fremu ya pikipiki ya mteja aliyevuka Ruvuma kutoka Msumbiji.

Makala zako tumezifuatilia, japo katibu aliishia kwenye muhtasari kwa sababu zaidi ya hapo zinadaiwa dola. Tumeelewa kuwa printa ya kutengeneza vipuri vya chuma hutandaza unga wa chuma kwa tabaka jembamba kuliko unywele, leza ikayeyusha pale panapotakiwa tu, tabaka juu ya tabaka, ndani ya gesi ya agoni ili oksijeni isikiharibu chuma. Agoni tunaijua, na bei yake tunaijua. Silikoni ndiyo iliyotushangaza. Tulidhani ni ya simu na sola tu, kumbe ikitiwa kwenye alumini, kama asilimia 10, alumini hutiririka vizuri ikiyeyuka na haipasuki ovyo ikipoa. Waliowahi kuhangaika na alumini ya injini za boti walielewa papo hapo.

Hata hivyo, Mheshimiwa, hatukuombi printa. Tunaomba umeme wa njia tatu.

Nyuma ya meza kuu, chini ya turubai la bluu, ipo mashine ya kukereza vyuma. Tulipewa na mfadhili, tukapiga nayo picha, makofi yakapigwa. Haijazunguka hata siku moja. Mota yake inataka njia tatu, nasi tuna njia moja, ambayo tukiwasha mashine mbili za kuchomelea taa za jirani zinafifia na jirani anakuja. Mweka hazina anaipaka grisi mara kwa mara, maana upepo wa chumvi wa hapa hausubiri bajeti. Shafti ya mashine ya korosho ikilika, mteja anaipakia kwenye basi kwenda kukerezwa Dar es Salaam. Gesi ya Mnazi Bay nayo, iliyogunduliwa mwaka 1982, tangu 2015 inapita kwenye bomba kutoka Madimba kwenda hukohuko kuzalisha umeme. Tunafurahi kwa niaba ya taifa.

Suala hili si geni kwa wageni rasmi. Wa kwanza alisema ameliona. Wa pili alisema amelichukua. Wa tatu, tunamshukuru kwa dhati, alileta watu wakapima na kuchomeka vigingi vya nguzo. Kimoja bado kipo, kinafungiwa mbuzi. Makadirio ya gharama tuliyopewa yalikwisha muda tukiwa bado tunachangishana, tukaambiwa tuombe upya. Tumeomba upya.

Fedha za kuunganishiwa tumekusanya sehemu, iliyobaki imetushinda. Tunaomba utuchangie, na utuandikie barua ya kutusindikiza kwa wahusika, kwa kuwa barua ya mhandisi husomwa, zetu hupokelewa. Kitabu cha wageni kipo mbele yako, kina safu ya ahadi na safu ya tarehe ya kutekeleza. Hiyo ya tarehe tumeiongeza mwaka huu. Kalamu ipo, na nyingine ya akiba anayo katibu.

Nakala kamili za makala zako, ukiweza kutuachia, tutazipokea kwa mikono miwili.

Tunaomba kuwasilisha.