Barua kwa Mwanangu: Hizo Tiketi Mbili

Mwanangu,

Dada yako amenionyesha tiketi za ndege ulizomtumia yeye, mimi hukunitumia. Nimezisoma mara tatu. Hongera kwa kupata nauli ndogo kiasi kile bila kushikwa mkono na mtu. Mimi kwa umri wako nisingejua hata pa kuanzia. Lakini ni tiketi mbili, mwanangu. Mashirika mawili, namba mbili za bukingi, na katikati saa mbili na nusu tu.

Ungekuwa na tiketi moja, ndege ya kwanza ikichelewa ni juu ya shirika kukutafutia nyingine, na begi lako kwa kawaida lingekwenda lenyewe hadi mwisho wa safari. Kwa tiketi mbili, shirika la pili halijui kwamba uko angani unaliwahi. Kwao wewe ni abiria ambaye hakutokea. Nauli imepotea, na kwa kuwa ya kurudi umeikata humo humo, nayo kwa kawaida hufutwa. Begi nalo utalifuata mwenyewe, na viwanja vingi hulifikii mpaka upite uhamiaji, yaani uingie nchi ya watu. Viza ya kuingia pale unayo? Dada yako anasema hata hukuulizia. Ajenti mzuri wa safari angekuuliza hilo kabla hajagusa kompyuta.

Najua kwa nini hutaki kusikia neno ajenti. Sitakurudisha kwenye ule usiku pale kaunta, ulikuwepo. Yule ajenti alitupa karatasi yenye herufi sita za bukingi, lakini namba ya tiketi, zile tarakimu 13, haikuwemo, kwa sababu tiketi yenyewe hakuitoa. Baba yako alitaka kulipigia shirika simu kuhakikisha. Mimi nikamwambia asimvunjie mtu heshima. Basi. Wewe angalia tarakimu 13 zipo kwenye tiketi zote mbili.

Wala usinijibu kwamba kampuni za safari nazo hufilisika. Thomas Cook ya Uingereza ilianza 1841 na ikaanguka Septemba 2019, wateja wake kama 150,000 wakiwa bado nje ya nchi. Lakini serikali yao ilikodi ndege ikawarudisha, tena kulikuwa na utaratibu wa kuwalinda wengi wa walionunua safari kwa kampuni ile. Wewe ukikwama katikati ya tiketi mbili utampigia nani? Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Sikukatazi kujikatia. Safari ya ndege moja, kata mwenyewe, tena kwenye tovuti ya shirika lenyewe. Tarehe ikibadilika unaongea na mwenye ndege, hurushwi huku na huku kama walivyorushwa watu 2020, safari zilipofutwa kwa korona, walipodai fedha zao, shirika likisema nendeni kwa ajenti na ajenti akisema fedha ziko kwa shirika. Hapo uko sahihi, na nilipaswa kukuambia hivyo siku ile tulipobishana. Lakini safari hii si ya ndege moja.

Uliza kama ile ya kwanza inasogezwa hadi ya alfajiri. Tofauti ya nauli nitaitoa mimi. Nilikuwa nimeweka fedha za paa, paa litasubiri. Linavuja juu ya chumba chako, nimevihamishia vitabu vyako sebuleni na kile kisanduku chako sijakifungua. Pasipoti uliyokuwa ukiitafuta iko kwenye droo yangu, niliiweka huko nilipoona unaiacha ovyo mezani. Nimehesabu, itakuwa na miezi minane mbele siku utakayofika. Nchi nyingi hutaka sita, kwa hiyo hapo nimetulia.

Baba yako hajui habari ya tiketi mbili. Nimemwambia umepanga vizuri, maana presha yake unaijua, na miwani yake imevunjika kwa hiyo hatazisoma mwenyewe. Anauliza ile chaja ya kompyuta uliyoacha ni mbovu au aendelee kuitumia.

Nipigie leo kabla hujalala. Anza na habari ya viza.

Mama yako