Shukrani kwa dada wa kwenye benchi

Dada yangu, sikukuuliza jina. Tulikuwa tukisubiri kumwona daktari, ukaniona nimejikunyata nikishika kifua, ukaniuliza taratibu: "Umemwachisha mtoto ziwa?" Nikalia.

Nilimwachisha ghafla. Siku ya nne matiti yalikuwa magumu kama jiwe, nami nimeyakaza kwa kitambaa nikidhani ndivyo maziwa yanavyokauka. Ukaniambia nifungue, maana kubana sana huweza kuziba mirija ya maziwa. Nikamue kidogo tu, kiasi cha kupata nafuu, kwa kuwa ukiyamaliza mwili hudhani mtoto bado ananyonya na hutengeneza mengine. Nikiona homa, au sehemu nyekundu yenye joto, nisingoje.

Lakini kilichoniokoa hasa ni lile jingine. Nilikuwa na huzuni nisiyoweza kuieleza, nikajiona mama mbaya. Ukasema homoni za kunyonyesha, prolaktini na oksitosini, hushuka mtoto anapoacha ziwa, na moyo unaweza kushuka nazo. Ikizidi wiki mbili nimwambie daktari. Hakuna aliyewahi kuniambia hayo, hata wale walionifundisha kunyonyesha!

Ulipoitwa, ukageuka kunikumbusha kwamba mimba inaweza kuingia hata kabla hedhi ya kwanza haijarudi.

Sasa matiti yamelainika, yamepungua kuliko zamani, na tone la maziwa bado hutoka mara mojamoja nikioga. Hedhi imerudi. Huzuni imeondoka. Asante sana, dada. Mungu akuzidishie.