Mheshimiwa, ile boti imefika wapi?

Kwa Mheshimiwa uliyekuja kutupa pole ya mafuriko (jina nimelihifadhi, mwenyewe unajijua).

Shikamoo. Najua una kazi nyingi, na barua ya mkulima wa bonde la Rufiji haiwezi kuwa ya kwanza mezani kwako. Ofisini nimefika mara tatu, na mara zote tatu niliambiwa uko kikaoni. Nikaona nikuandikie mbele za watu. Pengine kikao hiki utahudhuria.

Jumanne mtumbwi umepinduka tena. Ulibeba watu tisa, wanne wanafunzi, mmoja wao binti yangu wa darasa la sita. Hakuna aliyekufa, Alhamdulillahi, na huenda ndiyo maana hukusikia. Wavuvi waliokuwa wakitega nyavu ndio waliowaopoa. Hivi ninavyoandika, madaftari yake yameanikwa kwenye kamba ya nguo, yamebanwa na vibanio. Wino umetiririka, hesabu zimehamia kwenye sayansi. Kiatu kimoja kimebaki mtoni. Kiatu si neno. Mto ule una mamba.

Utauliza, kama ulivyouliza siku ile, kwa nini tusihame bondeni. Mheshimiwa, tulishahama. Baada ya mafuriko ya 1968 ikaja Operesheni Rufiji, babu yangu akapandishwa juu na masufuria yake, akapewa kiwanja cha mchanga. Huko juu mkorosho unakubali, muhogo unakubali, mpunga hautaki. Mpunga uko bondeni, na mlau pia: maji yakishuka unafukia mahindi kwenye unyevu uleule, bila hata kiganja cha mbolea ya dukani. Basi tuna nyumba juu, tuna dungu shambani, na katikati upo mto. Mpunga ukishatoa masuke, ukiliacha shamba siku mbili, ndege na nguruwe wamekuvunia. Kwa hiyo tunahamia dunguni na watoto wetu, na watoto wanavuka kwenda shule. Hakuna ukaidi hapo. Ni kula.

Na sisi ahadi za maji tuna historia nazo. Mwaka 1905 mababu zetu walipewa maji, wakaambiwa risasi za Mjerumani zitageuka maji. Kinjikitile, mganga aliyewapa maji hayo, akanyongwa Mohoro, risasi zikabaki risasi. Wajukuu wa watu hao tulipaswa kuwa waangalifu. Wewe tukakuamini.

Ilikuwa Aprili 2024. Ulikuja na buti za mpira, mpya, kibandiko cha bei bado kipo kwenye kisigino. Ukasimama pale pakavu ukasema: boti moja ya mashine, na maboya ya kuvaa, kabla ya masika yajayo. Watu wakapiga makofi. Kuna mama alipiga vigelegele mpaka akakauka koo. Huyo ni mimi. Masika hayo yalikuja, yakapita.

Kwa nini boti haijafika, kila mtu ana lake. Wako wanaosema fedha zilitoka zikachoka njiani. Wako wanaosema kitongoji chetu kina kura chache. Ofisini kwako wanasema ni mchakato. Huo mchakato ungekuwa mtumbwi, ungeshazama zamani.

Tafadhali usinitajie Daraja la Mkapa. Ni zuri, na tangu 2003 wasafiri wa Lindi na Mtwara wamesahau foleni ya pantoni pale Ndundu. Lakini mtoto wa shule hawezi kutembea nusu siku kulifuata daraja ili afike ng'ambo anayoiona kwa macho. Bwawa la umeme la Nyerere, la megawati 2,115, nalo tunalisikia redioni. Mto ni huohuo, na sisi tunauvuka alfajiri kwa tochi ya simu, mmoja anapiga kasia, mwingine anakumba maji kwa kopo la rangi.

Mafuriko yale yaliondoka na mpunga wangu wote, na mkopo wa kikundi nimeumaliza juzi kwa kuuza mbuzi wa arobaini ya mama. Sikuombi fidia. Naomba boti. Kama boti ni nzito, tupe mashine, chombo tutakichonga wenyewe. Kama mashine nayo ina mchakato, basi tupe maboya. Manne, ya ukubwa wa watoto. Manne tu, Mheshimiwa. Jumatatu wanavuka tena.

Ni mimi,
Mama wa mtoto wa kiatu kimoja,
Bondeni, Rufiji