Anti, nirudi kuzalisha akina mama baada ya miaka tisa?

Shikamoo Anti,

Mimi ni muuguzi mwenye stashahada, nina miaka 43 na watoto wawili, naishi Makambako. Naomba ushauri wako, na kama kuna wauguzi na wakunga watakaosoma barua hii, nao wasininyime neno.

Miaka tisa nilifanya kazi CTC, kliniki ya wanaotumia dawa za VVU, kwa mkataba wa mradi. Hali ya mkoa wetu wa Njombe inajulikana: utafiti wa 2022–2023 ulikuta maambukizi kwa watu wazima ni asilimia 12.7, wakati kitaifa ni 4.4. Ukifika asubuhi benchi limeshajaa, wengine wametoka vijijini alfajiri na baridi yetu hii, wamejifunika mablanketi. Unatoa mafaili, unahesabu vidonge, unaangalia nani kafikia kupimwa wingi wa virusi, nani hakuja mwezi uliopita ili umpigie simu. Niliipenda kazi ile, Anti. Nimepokea akina mama waliokuja wamebebwa mgongoni, nikaja kuwaona wamebeba watoto wao wasio na maambukizi.

Januari 2025 misaada ya Marekani ikasimamishwa. Tuliambiwa ni siku 90, tusubiri. Hazijaisha, barua ya kusitisha mkataba ikanifikia. Nikakabidhi funguo za kabati la mafaili na simu ya mradi, nikarudi nyumbani.

NSSF walinilipa fao la kukosa ajira, theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita, nalo limekwisha. Mume wangu ni fundi ujenzi, mvua zikianza kazi zinapungua. Mtoto mkubwa yuko kidato cha tatu, bweni.

Nilidhani leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga ikiwa hai, kazi haitanisumbua. Kumbe kila mahali wanataka mtu wa wodi, hasa leba, na mimi mara ya mwisho kuzalisha ilikuwa 2016. Niliomba ajira serikalini, nikapita mchujo, nikaitwa kwenye mahojiano. Swali likaja: mama amejifungua, anatokwa na damu nyingi, utafanya nini? Nikaanza vizuri. Nitaita msaada, nitakanda tumbo la uzazi, nitampa oksitosini, dawa ya kubanisha kizazi, nitaweka dripu. Nikanyamaza. Mjumbe mmoja akaniuliza kwa upole, "Na kibofu?" Nilisahau kumtoa mkojo, jambo ambalo mwanafunzi wa uuguzi analijua, maana kibofu kikijaa kizazi hakibani vizuri. Nililia ndani ya basi mpaka nafika.

Sasa mwenye zahanati moja ya binafsi amenipa kazi ya zamu za usiku, shilingi 250,000 kwa mwezi. Usiku ni mimi na mlinzi tu. Nikamuuliza, akija mama mwenye uchungu? Akajibu, "Utazalisha, mkono hausahau." Mume wangu naye ananiambia, chukua, njaa haina shahada. Simlaumu, ndiye anayeombwa ada.

Lakini mimi najua mambo yanavyokwenda usiku. Mtoto akitoka bila kulia una kama dakika moja ya kumkausha, kumchangamsha na kuanza kumpa hewa kwa ambu, ule mfuko wa kubonyeza wenye kinyago. Wakati huohuo mama naye anataka mtu wa kuangalia damu yake. Mikono miwili, na yenyewe imekaa miaka tisa kwenye mafaili. Nikimpoteza mama wa watu kwa sababu nilihitaji mshahara, nitaishije?

Njia nyingine: mkuu wa wodi ya wazazi katika hospitali ya serikali amekubali nijitolee miezi sita chini ya wakunga wake. Hakuna malipo, nauli ni yangu. Nina akiba ya 1,400,000, na ada iko humohumo. Na serikalini mwisho wa kuomba ajira ni miaka 45, kwa hiyo muda wangu ni mfupi.

Jumamosi iliyopita nilikuwa sokoni nachagua viazi. Mama mmoja niliyekuwa namhudumia akanisogelea, akasema "Kamwene", salamu ya huku kwetu, kama tusiojuana, akashika vitunguu. Kisha akaninong'oneza, "Nesi, dawa zimebaki za siku nne, na yule mpya namwonea aibu." Jumatatu nikamsindikiza. Yeye akaingia, mimi nikakaa nje kwenye benchi la wagonjwa, nasikia majina yanaitwa. Hapo ndipo nilipojua siwezi kuacha uuguzi nikauze nguo, kama shemeji anavyonishauri.

Naomba unisaidie haya. Je, ni haki kutumia akiba ya ada ili nijifunze upya mikono yangu? Au nimwendee yule mwenye zahanati nimwombe zamu za mchana tu, wakati kuna mkunga mwingine, hata akipunguza mshahara? Na mkunga aliyewahi kukaa nje ya leba miaka mingi akarudi, anieleze ilimchukua muda gani kabla hajaweza kusimama peke yake. Mwenye zahanati anataka jibu mwisho wa mwezi huu.

Wako,
Muuguzi, Makambako